Pengo la Nashipai: Kutoka Rhotia Hadi Enguserosambu na Kurudi

Tangu turudi sijapata nafasi ya kusimulia safari hii kuanzia mwanzo. Pale mashine ya kusaga nilisimulia kipande cha pikipiki, mlangoni mwa kanisa kipande cha damu, na kwa fundi cherehani nilikatizwa nikiwa bado niko lango la Ngorongoro. Vipande vilivyobaki mmeviunga wenyewe. Nasikia kuna anayesema nilipigana na mama mkwe, na mwingine anasema mtoto alikimbizwa Dar kwa ndege. Hakukuwa na ndege. Na mama mkwe wangu sijawahi hata kumtazama usoni, sembuse kupigana naye. Kwa hiyo nawaandikia yote kwa mkupuo, halafu mniache nivune maharage yangu.

Binti yangu Nashipai mnamfahamu. Ana miaka saba. Alizaliwa moyo ukiwa na tundu, na mlango mmoja wa moyo ulikuwa haufungi sawasawa. Mnakumbuka midomo yake ilivyokuwa, utadhani ametoka kula zambarau, na jinsi alivyokuwa akichuchumaa katikati ya njia apumzike. Miaka miwili iliyopita walimpasua Dar, wakaziba tundu na kumwekea mlango wa kutengenezwa. Mlango huo unalia, tik, tik, ukikaa naye mahali pakimya unausikia. Ili damu isigande pale mlangoni anameza kidonge kila jioni, na atakimeza maisha yake yote. Ubaya wa kidonge ni kwamba akijikata, damu haikatiki upesi.

Madaktari walisema mtoto amepona, aende shule, acheze. Walimu waliambiwa vivyo hivyo. Mimi niliitikia kwa kichwa, nikarudi nyumbani nikamkataza kila kitu. Akikimbia hatua chache tu namwita: "Hebu nione midomo." Anasimama, anainua uso, naikagua, ni myekundu kama ya mtoto yeyote, na bado namwambia akae. Mke wangu Naserian amenisema mpaka amechoka.

Naserian kwao ni Enguserosambu, huko mbele ya Wasso. Mama yake, ambaye Nashipai humwita Koko, yaani bibi, magoti yamemkataa, hawezi safari ya gari, na tangu upasuaji alikuwa hajamwona mjukuu wake. Kila Jumapili anapiga simu. Alikuwa haamini kwamba mtoto aliyefunguliwa kifua anaweza kuwa mzima. Alidhani tunamficha msiba, kwa maana sauti ya kwenye simu inaweza kuwa ya mtoto yeyote. Mwaka huu Naserian amejifungua, na alikuwa hajatimiza hata arobaini aliponiambia, "Baba Nashi, mpeleke mtoto kwa Koko wake. Usipompeleka nitafunga hiki kichanga mgongoni niende mwenyewe." Ninamjua. Angekwenda.

Karatu: tunasubiri maharage

Tulisafiri na Lemburis, dereva wa Land Cruiser ya mizigo anayepeleka vyakula kwenye maduka ya Wasso. Ni rika moja na shemeji yangu Saruni. Alituambia tuwe Karatu mjini saa mbili asubuhi. Sisi tulikuwepo, Lemburis alikuwepo, ila magunia ya maharage kutoka Qurus ndiyo hayakuwepo. Tukakaa kwa mama lishe mmoja nyuma ya stendi, tukaagiza chapati na maharage.

Yule mama alimwonea huruma Nashipai kwa wembamba wake, akamjazia mchicha pembeni ya sahani, bakuli zima. Nami nikachukua kijiko nikaanza kuupunguza. Mboga za majani zikizidi zinashindana na kile kidonge, na zikipungua sana kidonge kinapata nguvu kupita kiasi, kwa hiyo nyumbani tunampa kiasi kilekile kila siku. Lakini mama lishe atajuaje? Aliona tu mwanamume mzima ananyang'anya mtoto mchicha.

"Baba, huyo mtoto unamnyima mboga? Mboga ya bure?"

Wateja wakageuka wote. Nikaanza kujieleza nikababaika, hasira ikanipanda, nikasema afanye kazi yake. Nashipai ndiye aliyeniokoa. Alifungua kifungo cha juu cha gauni, akaonyesha mwanzo wa kovu lake, akasema kwa sauti yake ile ya kujivuna, "Mimi nina mlango wa kuwekewa. Unataka kusikia?" Yule mama akaweka kisahani chini, akainama akatega sikio kifuani kwa mtoto, katikati ya moshi na kelele. Aliponyanyuka alikuwa anafuta macho na upindo wa kitenge. Chapati ya pili hakutaka tuilipie.

Wakati tunamalizia, Nashipai alisema, "Baba, jino langu la chini linacheza." Nikamjibu, "Usilichezee na vidole vichafu," macho yangu yakiwa barabarani kuangalia kama gari la maharage linakuja. Lilikuja saa sita.

Msituni: nyati na tapeti

Tulipita lango tukaanza kupanda mlima ndani ya msitu, sisi watatu kibandani, magunia nyuma. Kadiri tulivyopanda ukungu ulizidi, mpaka magari ya watalii yaliyokuwa yanashuka tukawa tunaona taa tu. Nilimfunika Nashipai kwa shuka, juu yake koti langu. Akalalamika joto. Nikamwambia anyamaze.

Karibu na ukingo wa kreta Lemburis akasimama ghafla. Nyati dume alikuwa katikati ya barabara, peke yake, tope limemkaukia mgongoni. Lemburis akazima taa, akazima na injini. "Huyu mzee wa peke yake hana utani," akasema. "Tukae tu."

Tukakaa. Kukawa kimya kabisa, na katika ukimya ule Lemburis akaanza kugeuza kichwa huku na huku. Akainama chini ya usukani, akatega sikio kwenye dashibodi.

"Unasikia? Kuna kitu kinagonga. Injini imezimwa na kitu kinagonga. Itakuwa ni tapeti ya injini? Tapeti haiwezi kulia gari limezimwa!" Akashika mpini wa mlango ashuke akafungue boneti, nyati yuko palepale mbele ya taa.

"Ni mimi," akasema Nashipai kutoka ndani ya shuka.

Lemburis alimtazama, akanitazama mimi, akaurudisha mkono pajani. Nilimweleza taratibu. Akacheka mpaka akaweka kichwa kwenye usukani. Mimi sikucheka. Nilikuwa nasikiliza zile tik, tik, najiuliza kama zimekwenda mbio kwa sababu ya hofu au kwa sababu ya kile kimo cha mlima, na kutoka pale mpaka hospitali ni mbali kiasi gani na mbele ndiyo tunazidi kuwa mbali. Nyati aliondoka alipotaka mwenyewe.

Piyaya: springi na mafuta ya kondoo

Tuliteremka Malanja, tukavuka mbuga ile yenye vumbi jeupe, na jua lilipokuwa linaelekea kuzama, karibu na Piyaya, springi ya nyuma ikakatika. Lemburis akaifunga kwa kamba za mpira na maneno ambayo sitayaandika hapa. Tukasogea polepole mpaka boma la mzee mmoja aliyemfahamu, tukaomba hifadhi mpaka asubuhi.

Ni watu wema. Watoto walikuja wakainamisha vichwa nikawagusa, na Nashipai naye akapeleka kichwa chake kwa kila mtu mzima mpaka nywele zikajaa vumbi la mikono. Mzee alinipisha kigoda chake. Lakini sikuwa na amani. Watoto walipomvuta Nashipai wakafukuzane na ndama, nikaita, "Nashipai! Hebu nione midomo." Akaja. Akaenda tena. Nikaita tena. Mara ya tatu mzee akanigeukia.

"Wewe Mmbulu," akaniambia, kwa maana Wamaasai hutuita hivyo, "huyu ni mtoto au ni yai?"

Wakacheka. Nikatabasamu kwa adabu, ila moyoni nilikereka. Kisha mke wa mzee akaleta kikombe cha mafuta ya kondoo yaliyoyeyushwa na mizizi, dawa ya kumpa nguvu mtoto wa safari. Mizizi sijui ni ipi, na dawa ya kienyeji ikichanganyika na kidonge mimi sijui kinachotokea. Nikakataa. Nikakataa vibaya, kwa kusukuma kikombe kwa mkono. Yule mama alikirudisha ndani, na mzee naye akaacha kunichekea. Lemburis ndiye aliyekwenda kuniombea radhi wakati nikimpa mtoto kidonge chake.

Usiku ule kabla sijasinzia nilijihesabia yote niliyomkataza mama mkwe kwa simu kabla ya safari: mizizi, mafuta, baridi, kukimbia, kupanda mlima, dawa za dukani za maumivu. Niliona nimemaliza.

Enguserosambu: nje ya nyumba ya Paker

Tulifika kesho yake mchana, springi imeungwa. Lemburis akatushusha akaendelea na mzigo wake kurudi Wasso.

Hapa lazima niwaeleze jambo. Nilipooa nilimpa mama mkwe kondoo jike, kama desturi yao inavyotaka, na tangu siku ile mimi na yeye tunaitana Paker, kwa ajili ya kondoo yule. Tunaitana kwa upendo, lakini kwa mbali. Siingii nyumbani kwake. Sili mbele yake. Tukizungumza kila mmoja anatazama upande wake. Wao huita enkanyit, yaani heshima, na mkwe asiyekuwa nayo hana jina katika boma. Zamani nilikuwa nacheka, siku hizi nimezoea, ila sikuwahi kufikiria maana yake nikiwa na mtoto wa namna hii. Maana yake ni kwamba Koko alikuja mpaka mlangoni na fimbo yake, uso ameufunika kwa shuka upande wangu, akasema, "Paker, umefika," nami nikasema, "Nimefika, Paker," akamshika Nashipai mkono wakaingia ndani, na mimi nikabaki nje juani kwenye kigoda na Saruni.

Nilisikia kila kitu na sikuona chochote. Nilisikia wanawake wakinyamazishana. Kimya. Kisha sauti ya Koko, kwa Kimaa, ambacho sasa nakielewa vya kutosha: "Kinatembea! Moyo wa mtoto umevaa viatu!" Kicheko, na wengine wakipanga zamu ya kusikiliza. Saruni akanipiga begani. Nikiri kwamba machozi yalinitoka. Mama yule alikuwa amesubiri miaka miwili kusikia kitu kile kwa sikio lake.

Tukala nyama wanaume kivyetu, tukanywa chai ya maziwa. Ndani Koko alikuwa anamfundisha Nashipai kutunga shanga. Jua lilishaanza kupoa niliposikia Nashipai akitoa kilio kifupi, kisha kicheko, kisha wanawake wakimpongeza. Baadaye kidogo kicheko kikaisha. Sauti zikawa za chini. Mtu akaomba maji. Mtu akaomba kitambaa kingine.

Neno hilo "kingine" ndilo lililoninyanyua.

"Kuna nini humo?" nikauliza. Hakuna aliyejibu. Nikauliza kwa kupaza sauti. Msichana mmoja akatoka mbio na kitambaa mkononi, chekundu, na kile hakikuwa rangi ya shuka.

Nikaelekea mlangoni. Saruni akanishika mkono.

"Shemeji, humo huingii."

"Niachie."

"Shemeji, ni nyumba ya mama. Ukiingia leo umeharibu, utakuja tena hapa na uso gani?"

"Saruni, nitaingia! Nitaingia hata kama mtanichapa!" Nilikuwa nimekwisha inama, mlango ule ni wa chini, kichwa kimeingia kwenye giza na moshi.

Koko alinisikia. Kabla sijapitisha bega, akatoka yeye. Alitoka kinyumenyume, mgongo kwangu, shuka limemfunika mpaka kichwani, akimvuta Nashipai kwa mikono miwili. Akanikabidhi mtoto bila kugeuka, akaketi chini palepale, magoti yale mabovu kwenye vumbi, akinipa mgongo. Hakuondoka.

Nashipai alikuwa na damu kidevuni na kifuani mwa gauni. Jino la chini la mbele halikuwepo. Alifungua mdomo kunionyesha, anacheka na kulia. "Baba, nina pengo! Kama la mama!"

Mnamwona Naserian akicheka, pengo lile la chini. Kwao wengi hung'oa jino hilo tangu utotoni. Nami nyumbani kila siku namsifia mke wangu pengo lake mbele ya mtoto. Nashipai alimwambia Koko jino linacheza, akamwomba amng'oe apate pengo kama la mama. Na Koko akaona ni jambo jema kuliko yote, kwa sababu pengo lile lina kazi: mtu akizidiwa na ugonjwa, meno yakikaza, maziwa na dawa hupitia hapo. Mtoto aliyeugua kiasi kile, aliyefunguliwa kifua, vipi asiwe na pengo? Aliliona hilo kama kosa letu wazazi, akalirekebisha kwa uzi wa shanga. Mimi nilikataza mizizi na mafuta na baridi. Jino sikulitaja.

Nilikunja leso safi, nikaweka juu ya tundu, nikamwambia ang'ate kwa nguvu asiachie. Nikakaa naye mapajani. Koko akauliza, mgongo ukiwa vilevile, "Paker, inasimama?" Nikamwambia, "Bado." Chai iliyokuwa kwenye kikombe changu ilipoa, ikatanda utando juu, na leso ikawa imelowa tena. Akauliza tena. Nikamwambia tena bado. Sikuwa na hasira naye, na hilo lilinishangaza. Nilikuwa na hofu tu, hofu imejaa mpaka hasira imekosa pa kukaa.

Kwa pikipiki hadi kituo cha afya

Saruni akaleta pikipiki yake. Yeye mbele, Nashipai katikati, mimi nyuma nikimkumbatia. Njia ni ya mawe na makorongo, na kila tulipodunda nilisikia meno yake yakikaza kwenye leso. Nilikuwa nimemkataza kuzungumza, kwa hiyo sikuwa na namna ya kujua hali yake isipokuwa kumsikia kwa kifua changu mgongoni mwake. Pikipiki inanguruma, zile tik, tik sizisikii. Nikamwambia anifinye kidole kila nikimwita jina. Nilimwita njia nzima, akanifinya. Mara moja alichelewa, na nilimpigia Saruni kelele asimame, kumbe mtoto alikuwa ametazama twiga.

Kulikuwa kunaingia giza tulipofika kituo cha afya. Tulimkuta nesi mmoja, dada wa Kihaya, anafunga mlango. Nilimweleza kwa pumzi moja: moyo, mlango, kidonge, jino. Akafungua mlango. Alimkalisha kitandani, akanawa, akatazama tundu kwa tochi. Kisha akanipa kazi ambayo sikuitaka: nimpigie daktari wa moyo anayemhudumia mtoto, kwa sababu saa ya kidonge ilikuwa imekaribia.

Hapo ndipo niliposhikwa kweli. Kidonge kile kinachoendeleza damu ndicho kinacholinda mlango. Nikimpa, damu isipokatika je? Nisipompa, damu ikiganda pale mlangoni je? Kidonge kilikuwa kiganjani mwangu, kinanata kwa jasho. Mtandao ulikuwa unapatikana nje penye jiwe moja. Nilisimama juu ya lile jiwe na simu sikioni, nikipiga na kupiga, mpaka daktari akapokea.

Hakunigombeza. Akaongea na nesi kwanza. Nesi akavunja chupa ndogo ya dawa ya kuzuia damu, akalowesha kitambaa cha hospitali, akamwekea Nashipai ang'ate upya. Akampa na dawa ya kuua vijidudu, kwa maana mdomo ukiwa wazi vijidudu hupita kwenye damu vikaenda kukaa kwenye mlango ule. Daktari akaniambia tusubiri: damu ikisimama, nimpe kidonge chake kama kawaida. Isiposimama, nisimpe, nimpigie tena mara moja na tutafute gari la kwenda hospitali kubwa.

Tukasubiri. Nesi akatoa kitambaa, akatazama, akakirudisha. Mimi nilikuwa natazama ukuta. Nilisema moyoni kwamba tukitoka hapa salama, mtoto huyu havuki tena daraja la Rhotia. Atakaa nyumbani, atasomea nyumbani, nitamjengea ukuta kama ni lazima.

Nesi akatoa kitambaa tena. Kilikuwa na doa la rangi ya waridi tu. "Imesimama," akasema. "Mpe kidonge chake, baba." Kikombe cha maji alikishika yeye.

Asubuhi: mgongo dirishani

Tulilala palepale kituoni, na kulipopambazuka nilisikia fimbo ikigonga mawe nje. Saruni alikuwa amerudi bomani kueleza hali. Akadhani mama yake amelala. Mama yake, ambaye magoti hayampeleki hata kisimani, alikuwa ameshatoka. Pikipiki anaiogopa, hapandi kamwe. Alikuja kwa miguu.

Nilimwona kupitia dirishani. Aliketi chini ya dirisha, mgongo ukutani, uso kwenye milima. Alijua niko ndani.

"Paker," akaita.

"Naam, Paker."

"Viatu vinatembea?"

Nilimtazama Nashipai. Alikuwa amelala mdomo wazi, pengo linaonekana, safi. Katika utulivu ule wa alfajiri nilisikia vizuri. "Vinatembea, Paker."

Akashusha pumzi. Baadaye akasema, polepole, "Nilitaka asife njaa siku akiugua. Sikujua kwamba nyie mna dawa inayofanya damu isikatike."

Nilikuwa na maneno mengi ya kumjibu, mengine makali. Nikayaacha yote. Nikamwambia, "Pengo limekaa vizuri. Amefanana na mama yake."

Sasa angalieni. Alitaka kuingia amsikilize mwenyewe, na hawezi kuingia nikiwemo. Ili Koko aingie ilinibidi mimi nitoke, nimwache mtoto na mikono ileile iliyong'oa jino jana. Nilisimama mlangoni muda mrefu. Nesi alinitazama akafikiri nina kizunguzungu. Halafu nikatoka kwa mlango wa mbele, nikazunguka upande mwingine wa jengo ili tusikutane, nikakaa juu ya lile jiwe la mtandao. Nikampigia Naserian, nikamweleza yote bila kuficha. Alilia, kisha akauliza, "Pengo liko katikati kabisa?" Wanawake hawa.

Kutoka ndani nikasikia Koko na mjukuu wake wakicheka.

Malanja: tunarudi

Tulikaa Enguserosambu mpaka nesi aliporidhika. Lemburis alitupitia akiwa na gari tupu, na Koko alimpa Nashipai mtamba mweusi mwenye nyota usoni, ambaye amebaki kule anatunzwa na Saruni. Maana yake lazima turudi, mtoto hawezi kuwa na ng'ombe asiyemtembelea. Nilielewa hesabu ya mama mkwe. Piyaya tuliteremka, nikamwomba radhi mke wa mzee kwa ajili ya kile kikombe. Alinipa chai, na mzee akauliza habari za yai.

Pale Malanja, kabla ya kupanda ukingo wa kreta, Lemburis alisimama akaze nati za gurudumu. Ni uwanda wa majani mafupi, upepo wa baridi, na watoto wa pale walikuwa wanachunga ndama. Walipomwona Nashipai wakampungia mkono. Akashuka. Akanitazama. Hakuomba, kwa sababu ameshazoea jibu langu. Alisimama tu na gauni lake lililofuliwa, ambalo doa la damu lilikataa kutoka.

Mdomo ulikuwa umeshafunguka kusema hapana. Nikafikiria mgongo ule wa Koko uliokaa vumbini usiondoke, na yale magoti kwenye njia ya mawe.

"Nenda," nikasema.

Alikimbia. Jamani, sikuwa nimewahi kumwona akikimbia mbio za kweli. Miaka mitano hakuweza, miwili sikumruhusu. Anakimbia vibaya, mikono inapepea ovyo, hajui kukimbia kwa sababu hakujifunza. Alifika kwa ndama, akamgusa mmoja mkia, akazunguka, akaenda mbali zaidi, na nikashindwa kusimama. Nikaanza kumkimbilia. Nilijiambia namkimbilia nimlinde, lakini alipogeuka akaniona nakuja alipiga yowe la furaha akaongeza mbio, ikawa ni mchezo, na mimi nimo.

Kimo cha nchi ile kinajulikana, hewa ni nyepesi. Hatukwenda mbali nikawa nimeinama, mikono magotini, pumzi zimeniishia, kifua kinawaka. Nashipai akarudi akitembea. Alikuwa anahema kidogo tu, mashavu yanang'aa. Akasimama mbele yangu, akasubiri niinue uso, akanishika kidevu kwa vidole viwili.

"Baba," akasema, na pengo likaonekana, "hebu nione midomo."